Ripita za faiba na swichi moja ya kati: maoni yangu baada ya mwaka mzima

Nimekaa na hii seti zaidi ya mwaka, sasa naona naweza kuizungumzia. Kazi yenyewe ilikuwa kuunganisha mitandao minne ambayo kila mmoja ulikuwa unaishi kivyake, ofisi, stoo, karakana na kibanda cha getini. Stoo iko kama mita 400 kutoka ofisini, karakana 700, geti inapita kilomita moja. Waya wa kawaida wa Ethernet mwisho wake ni mita 100, na hiyo 100 ni pamoja na vile vipande vya kuchomekea kompyuta, kwa hiyo shaba hapo haiingii kabisa. Kuna mtu alishauri tuweke kiswichi (kiboksi cha kuunganisha nyaya za mtandao) njiani kila baada ya mita 90 mi nikakataa, kila kimoja kinataka umeme wake na boksi la kukinga mvua, na cha katikati kikifa wote walio mbele yake wamekufa nacho.

Tukaenda na mpangilio wa nyota, yaani swichi moja kubwa ofisini, halafu kila jengo lina faiba yake (uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga) inayokuja moja kwa moja mpaka pale. Kila mwisho wa faiba kuna ripita, ukienda dukani watakuambia midia konveta, ni kiboksi kidogo cha bati, upande huu tundu la waya, upande ule matundu ya faiba, na adapta yake ya umeme. Swichi ni ile ya kusimamiwa, bandari 24 (matundu ya kuchomeka waya) na matundu manne ya SFP, yaani ya kuchomeka moduli ndogo inayopokea faiba moja kwa moja, na hayo matundu manne nitayarudia maana ndo kiini cha maoni yangu.

Uzuri kwanza. Faiba haibebi umeme, basi. Zamani tulikuwa na waya wa shaba kati ya ofisi na jengo la jirani, kila radi ikipiga karibu tunazika bandari mbili tatu, na hata bila radi majengo yenye earth tofauti yanasukumiana umeme kupitia huo waya. Tangu tuweke faiba sijabadilisha bandari hata moja kwa sababu ya radi. Kwa hilo tu mi ningenunua tena.

La pili ni swichi yenyewe kuwa katikati. Kwenye Ethernet ya zamani ripita ilikuwa inarudia kila biti kwa kila mtu, wote wako kwenye uwanja mmoja wa migongano, yaani wawili wakituma kwa pamoja data zao zinagongana, na kwenye Mbps 10 ulikuwa huruhusiwi kupitisha ripita zaidi ya nne kati ya mashine mbili, kwa sababu mashine lazima isikie mgongano kabla haijamaliza kutuma fremu (kifurushi cha data) fupi kuliko zote, muda wenyewe ni maikrosekunde 51.2. Kwenye Mbps 100 muda huo unashuka mpaka 5.12 na umbali unabana zaidi, faiba ya hafu dupleksi (kutuma na kupokea kwa zamu) inaishia mita 412. Swichi inalikata hilo tatizo, kila bandari ni uwanja wake, na mkiwa ful dupleksi (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) pande zote hakuna mgongano wa kusubiri tena, kinachobaki kukuzuia hasa ni nguvu ya mwanga. Ndo maana geti linafika bila shida.

Sasa ful dupleksi pande zote, hapo ndo tuliumia. Stoo walilalamika wiki mbili nzima kwamba mtandao upo lakini hautembei. Unapiga ping (ujumbe mfupi wa kujaribu kama mashine inajibu) inajibu vizuri, ukikopi faili kubwa inatambaa. Nikaingia kwenye swichi nikaangalia kaunta za ile bandari, migongano ya kuchelewa (inayotokea baada ya muda wake kupita) inapanda kila nikirefreshi, na kwenye ful dupleksi hiyo namba inatakiwa ikae sifuri. Kumbe ile ripita imefungwa Mbps 100 ful kiwandani na hainegoshieti, yaani hapatani na mwenzake spidi na dupleksi, swichi yangu iko oto, ikikosa wa kunegoshieti naye inaikamata spidi lakini dupleksi inaangukia hafu. Nikaifunga bandari kwa mkono 100 ful, faili lile lile likapita muda huo huo. Kwenye karatasi ya ripita hamna neno lolote kuhusu hili, na mi nalihesabu kama kosa kubwa la bidhaa.

Kosa la pili limeniudhi zaidi. Hizi ripita hazina kile kitu cha kupitisha taarifa ya linki kufa. Karakana panya alikata waya upande wa kule, huku ofisini taa ya swichi ikabaki kijani vilevile, kwa sababu swichi inaongea na ripita iliyo pembeni yake, na hiyo ni nzima. Yaani swichi unayoitegemea ikuambie nini kimekufa haina habari yoyote, watu wa karakana wamekaa nusu siku bila mtandao na kwenye skrini yangu kila kitu kiko sawa. Ripita zenye uwezo wa kuzima upande wa pili linki inapokatika zipo. Ukinunua uliza hilo kabla ya kuuliza bei.

Kwa hiyo tulichofanya, stoo na karakana tumetoa ripita kabisa. Ofisini faiba inaingia kwenye tundu la SFP la swichi, na kule mbali tumeweka kiswichi kidogo chenye tundu la SFP nacho. Adapta zimepungua (na adapta ndo zilikuwa zinakufa mara nyingi, ripita zenyewe zinadumu), na moduli nzuri inakusomea mwanga unaoingia kwa dBm (kipimo cha nguvu, namba ikizidi kuwa hasi mwanga ni hafifu zaidi). Juzi karakana ilisoma -21 na makosa yanaongezeka, wakati siku zote iko -8. Nikachomoa kichwa, nikafuta ile ncha nyeupe ya seramiki kwa kitambaa chake cha kusafishia, nikachomeka, -8 ikarudi. Kiini cha singomodi, faiba ya njia moja tu ya mwanga, ni kama maikroni 9 tu, chembe ya vumbi inakifunika chote, na kioo chenyewe kilomita nzima kinakula kama desibeli 0.35 kwenye mwanga wa nanomita 1310. Kwa hiyo kabla hujalaumu faiba, futa kichwa, na usiwahi kuchungulia kwa jicho, huo mwanga hauonekani lakini unaumiza.

Mengine ya haraka. Moduli za uzi mmoja wa faiba zinakuja A na B, moja inatuma 1310 nyingine 1550, ukiletewa A mbili haziwaki hata ufanyeje. Kijani na bluu usichanganye kwenye vichwa, kijani kimekatwa kwa pembe. Na washa spaning tri, ile kinga ya swichi dhidi ya waya kuzunguka na kujirudia, getini kuna aliyechomeka waya mmoja matundu mawili, swichi ikafunga bandari moja na sisi wengine hatukujua kitu.

Swichi naipa nyota tano bila kusita. Faiba tano. Ripita tulizonunua nyota mbili, na hizo mbili ni kwa sababu ya uimara wa boksi. Jozi ya getini bado ni ile ile ya mwanzo, moduli zake nimeshaagiza.