The Cure wamerudi, na mwimbaji anaingia dakika ya nne

Ukifungua "Alone", wimbo wa kwanza wa Songs of a Lost World, albamu ya bendi ya roki ya Uingereza The Cure, ngoma na kinanda vinakuja kwa kishindo kimoja, besi inajipenyeza chini yake, halafu unangoja. Dakika ya kwanza inapita, ya pili inapita, ya tatu nayo inapita. Ndipo Robert Smith, mwimbaji na kiongozi wa bendi, anaingia, na mstari wake wa kwanza unasema huu ndio mwisho wa kila wimbo tunaouimba. Wimbo mzima ni dakika 6 na sekunde 48. Mwenye bendi kajipa nusu tu.

Mwenye mazoea ya kuruka nyimbo kwa kidole gumba atadhani wazee wameishiwa. Wamekusudia hivyo. Aliyezoea taarab asilia hatashangaa, maana anajua ala hupewa nafasi yake kwanza na mwimbaji akatulia kitini. Mpenzi wa rumba ya Kongo ageuze tu mpangilio aliouzoea: hapa sebene limetangulia, maneno yamekuja nyuma.

Albamu ilitoka tarehe 1 Novemba 2024, miaka 16 baada ya albamu yao iliyotangulia, 4:13 Dream. Ina nyimbo 8, dakika 49 na ushei, zote utunzi wa Smith, naye ndiye aliyeitayarisha pamoja na Paul Corkett. Nyimbo tano zilikuwa zimeshapigwa jukwaani katika ziara ya 2022 na 2023 kabla ya albamu kutoka, na sikio linaligundua hilo. Hakuna mahali bendi inapopapasa kutafuta njia. Mpigaji ngoma Jason Cooper haongezi pigo hata moja la kujionyesha. Anashika mwendo uleule dakika nzima, na wengine wanaujenga wimbo juu yake tabaka kwa tabaka.

Kabla ya kuihukumu, angalia unaisikilizia wapi. Spika ya simu haifai kabisa. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na kijispika cha simu hakiwezi kutoa mlio wa chini kiasi hicho. Mpiga besi Simon Gallup ndiye anayebeba tuni katika nyimbo nyingi za bendi hii. Ukimpoteza yeye, utangulizi wa dakika tatu unabaki kinanda kinachovuma bila kwenda popote, na hapo ndipo watu wanapochoka. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha. Kwenye programu ya muziki, zima ule mpangilio unaounganisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa unaofuata, kwa kuwa unakula mwanzo na mwisho, na mwisho wa nyimbo hizi umepimwa. Wala usiziache nyimbo zipigwe ovyoovyo (shuffle); zifuate kwa zamu yake.

"A Fragile Thing" ndio mlango kwa mgeni: dakika 4 na sekunde 43, besi iko mbele, kiitikio kinashika mara ya kwanza. Mzuri, ila si huo utakaoufanya urudi. Utarudi kwa "And Nothing Is Forever", ambao piano na nyuzi zinapanda taratibu kama maji kujaa, na mtu anaomba jambo moja tu: asiachwe peke yake saa ya mwisho.

Katikati ndipo ninapoweka lawama. "Warsong" na "Drone:Nodrone" zimejazwa mno. Reeves Gabrels, aliyekuwa mpiga gitaa wa David Bowie kwa zaidi ya miaka kumi, anapiga hapa katika albamu yake ya kwanza ya studio na The Cure, na gitaa lake lenye mlio wa kulialia lilistahili hewa kidogo. Badala yake magitaa, kinanda na ngoma vyote vimesukumwa juu kwa kiwango kimoja, kama matatu ambayo kondakta bado anapakia. Ukiongeza sauti ili uyasikie maneno, ni kelele tu inayoongezeka. "Drone:Nodrone" inanusurika kwa mdundo wake mkali, na kwa kisa chake: droni iliyopita juu ya nyumba ya Smith ikampandisha hasira. "Warsong" ingeachwa nje nisingeitafuta.

Halafu inakuja "I Can Never Say Goodbye". Radi kwa mbali, kisha noti chache za piano zinazojirudia. Smith aliuandika kwa kifo cha kaka yake, Richard, na humo kaazima msemo wa wachawi wa Shakespeare katika Macbeth, kwamba kitu kiovu kinakuja upande huu. Sauti haipambwi wala hapigi kelele. Ana miaka 65 albamu inatoka, na koo bado ni lile la miaka ya themanini. Hilo peke yake ni jambo la kushangaza.

"Endsong" unafunga kwa dakika 10 na sekunde 23. Ngoma nzito zinazunguka, magitaa yanalia juu yake zaidi ya dakika sita, ndipo unamkuta mzee amesimama nje gizani anautazama mwezi mwekundu na kumuulizia yule mtoto aliyekuwa yeye. Anarudia maneno ya mwanzo wa "Alone" kuhusu mwisho wa kila wimbo, hivyo albamu inajifunga kama duara. Aliyeruka mbele akafika dakika ya saba anakuta mtu analalamika tu. Aliyengoja anajua analalamikia nini.

Kwa anayenunua nakala ya kushika mkononi: toleo la CD lenye Blu-ray lina albamu nzima pia bila sauti ya mwimbaji, na kwa kazi iliyojengwa hivi hilo si nyongeza ya kujazia sanduku. Santuri moja ya kawaida ina tatizo. Nyimbo nne za mwisho zinazidi dakika 26 upande mmoja, hivyo mifereji inabanwa na sauti inapungua nguvu. Kibaya zaidi, "Endsong" inaangukia karibu na kitovu cha santuri, ambako kila mzunguko ni mfupi, sindano inapita polepole juu ya mfereji, na milio ya juu inaanza kukwaruza, tena ndani ya wimbo mzito kuliko yote. Lipo toleo la santuri mbili, ambalo mifereji yake ilichongwa kwa nusu ya kasi ya kawaida, nalo linaupa wimbo huo nafasi. Bajeti ikigoma, CD ya kawaida itakupigia "Endsong" safi kuliko santuri moja.