Meza ya vitabu vya mtumba karibu na Nyerere Square, Dodoma

Ukipenda kumbukumbu za viongozi na vitabu vya vita, itafute meza hii. Haina kibao, ipo upande wenye kivuli, jirani na wauza magazeti. Muuzaji ni kijana anayesoma anachouza, na hilo ndilo linalonirudisha kwake kila mshahara unapoingia.

Nilimwomba My Life, My Purpose, kumbukumbu za Mzee Mkapa zilizotoka 2019. Akanipa, kisha akaweka juu yake Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, cha Mzee Mwinyi, cha 2021. "Mwalimu, anza na hiki. Ukifika pale alipojiuzulu, ndipo ufungue cha Mkapa." Nikamsikiliza. Mwinyi aliuacha Uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977, baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, ilhali yeye mwenyewe hakuwa amemgusa mtu. Mkapa hakujiuzulu waandamanaji walipouawa Pemba na Unguja Januari 2001, lakini kitabuni anakiri kwamba vifo vile ni doa katika urais wake. Kurasa hizo nilizisoma baada ya Oktoba 29, 2025, uchaguzi ulioishia kwa damu huku intaneti imezimwa, na ikanibidi nikiweke kitabu chini. Kukiri miaka 18 baadaye hakumfufui mtu. Hata hivyo namheshimu kwa kuliandika, kwa jina lake, akiwa hai. Nani ataandika ya 2025 yetu?

Cha Mwinyi ni 15,000, cha Mkapa 20,000. Kama huna uwezo wa kubaki nacho, unalipa bei yote, unasoma, na ukikirudisha kikiwa kizima anakata 3,000 tu na kukurudishia zilizobaki. Kwa mwalimu wa sekondari huo ni msaada mkubwa.

Upande wa vita meza inapwaya. Vya Kagera, vita vyetu na Idi Amin wa Uganda, vinapatikana kwa bahati, na huisha upesi. Wazee waliokwenda hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979 bado tunaishi nao, na ninatamani vitabu vyao viijaze meza hii. Ipo chapa kuukuu ya Kiingereza ya kumbukumbu za Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani, aliyepigana na Waingereza katika nchi hii na za jirani kuanzia 1914 hadi 1918. Kijana anataka 25,000 na hashuki. Nilikinunua kwa sababu ya Ugogo, nchi yetu Wagogo hapa Dodoma. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana ikaja Mtunya, njaa iliyoua watu wetu kati ya 1917 na 1920. Jenerali alichapisha kumbukumbu zake kwao mwaka huohuo wa 1920. Bibi yangu wa Mvumi alitusimulia Mtunya kama alivyoisikia kwa mama yake: watu waliokula mizizi ya porini, waliokwenda kutafuta chakula wasirudi. Niliuliza kama kuna kitabu cha mpagazi mmoja tu, aliyeandika au kuandikiwa. Kijana aliinama akapekua maboksi yote mawili ya chini kabla ya kunijibu hapana. Namshukuru kwa kupekua.

Kasoro zipo. Hatoi risiti. Kagua kurasa kabla ya kulipa. Nakala yangu moja ilikosa kurasa za katikati, akanibadilishia bila ubishi. Mchana upepo wa Dodoma hujaza vumbi kila kitu, nenda asubuhi. Na Bunge la bajeti likianza Aprili, bei hupanda.

Wanunuzi wake wakubwa miezi hiyo, anasema, ni madereva wa wabunge, wanaosoma wakiwa wanasubiri. Natamani waheshimiwa wenyewe washuke garini wanunue cha Mwinyi, hasa walio katika kamati inayosimamia polisi.