Kuhifadhi matokeo ya skripti: alama ya > au tee?

Tuseme skripti inachapa bei za mahindi ya soko la Kibaigwa. Kwa kazi ya usiku isiyo na mtazamaji, `python3 bei.py > bei.txt` inatosha: matokeo huenda kwenye faili la bei.txt badala ya skrini. Ila > hufuta yaliyokuwemo hata kabla skripti haijaanza. Bei za jana unazitaka, mpya ziongezwe chini yake? Tumia >>. Ujumbe wa makosa nao hauingii kwenye faili mpaka uongeze `2>&1` mwishoni.

Ukiwa mbele ya kompyuta, bora amri ya tee: `python3 -u bei.py 2>&1 | tee -a bei.txt`. Unaona huku unahifadhi, na -a huongeza mwishoni bila kufuta ya zamani. Hiyo -u usiiache: bila yake Python hulimbikiza mistari na kuimwaga kwa mkupuo, nawe unatazama skrini tupu ukidhani programu imeganda. Kwenye bash (programu inayopokea amri unazoandika) tanguliza `set -o pipefail`, la sivyo skripti ikifeli utaambiwa imefaulu, kwa kuwa tee yenyewe imemaliza salama.