Royal Ashdown Forest: Uwanja wa Gofu Usio na Mashimo ya Mchanga

Kwa mchezaji aliyejifunza gofu Nairobi, kama mimi, kwenye nyasi za kikuyu zinazoushika mpira karibu pale pale unapoangukia, siku moja katika Uwanja Mkongwe wa Royal Ashdown Forest ni sawa na kuanza kujifunza upya. Klabu hii iko Forest Row, Sussex Mashariki, kusini mwa London. Nilipanda treni hadi East Grinstead, ambako reli inaishia, nikamalizia safari kwa teksi. Klabu ilianzishwa mwaka 1888, na mwaka 1893 Malkia Victoria akaipa heshima ya kuitwa ya kifalme.

Kinachowavuta wageni ni kwamba uwanja mzima hauna shimo hata moja la mchanga, yaani mitego ile inayochimbwa na kujazwa mchanga ili kumtatiza mchezaji. Umo ndani ya Msitu wa Ashdown, ambao licha ya jina lake sehemu yake kubwa ni nyika wazi, na ambao tangu sheria ya 1885 unalindwa na bodi ya wahifadhi pamoja na haki za wenyeji za kulisha mifugo na kukata majani. Kwa kuwa haikuruhusiwa kuichimba na kuigeuza ardhi hiyo, waliouweka uwanja walilazimika kufuata mabonde, vijito, matuta na mitaro waliyoikuta. Nimecheza kwenye viwanja vilivyogharimiwa sana ili vionekane vya asili. Hapa sikuona kitu cha kuigiza.

Mtu asidhani kwamba pasipo mchanga mchezo ni rahisi. Pembeni mwa kila njia ya nyasi kumeota heza, kichaka kifupi chenye vijiti vigumu ambacho hakifiki hata gotini, lakini mpira ukizama humo vijiti hivyo huifunga shingo ya fimbo na kuugeuza uso wake upande wa kushoto kabla haujaugusa mpira. Mara mbili nilijaribu kusonga mbele kwa chuma cha saba, fimbo ya kupigia mbali kiasi, na mara zote mbili mpira ulisogea hatua chache tu. Mara ya tatu nilichukua fimbo fupi yenye uso uliolala, nikautoa mpira kwa ubavu hadi kwenye nyasi, na huo ndio ushauri ninaompa yeyote atakayekwenda. Udongo wenyewe ni wa kichanga na hauna rutuba, ndiyo maana nyasi zake ni nyembamba na mpira hukimbia mbali baada ya kutua. Kuipigia grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka kishimo cha kutumbukizia mpira, moja kwa moja kutoka juu, kama tulivyozoea nyumbani, mara nyingi ni kuupoteza mpira nyuma yake.

Shimo la sita, yaani sehemu ya sita ya uwanja kuanzia pa kupigia hadi kwenye grini, linastahili safari peke yake. Ni fupi kiasi kwamba fimbo ndogo inatosha, lakini grini imezungukwa na kijito na mtaro kama kisiwa, na nilisimama pale pa kuanzia kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, nikiupima upepo.

Wananchi wana haki ya kutembea msituni, kwa hiyo mchezaji hana budi kusubiri familia na mbwa wao wapite. Mimi niliona jambo hilo ni zuri, kwa sababu linamkumbusha mtu kwamba yuko kwenye ardhi yenye wenyewe wengi. Nyika hii haidumu yenyewe: isipolishwa mifugo wala kufyekwa, misonobari na magugu marefu huifunika heza, na ndege kama kirukanjia, anayetaga chini mahali pa wazi, hukosa makao.

Anayetembea kwa shida ajue kwamba vilima ni vingi na miguu huchoka. Nilikwenda Mei, wakati vichaka vya miiba vilikuwa na maua ya njano. Heza huchanua zambarau mwezi Agosti, na nimekwisha kuweka nafasi yangu ya mwezi huo.