Seti ya kupimia presha kwa mkono: mkanda mzuri, stetoskopu hafifu

Kwa familia inayomuuguza mtu mwenye presha nyumbani, seti ya kupimia kwa mkono, yaani mkanda, pampu ya mpira, geji ya mshale na stetoskopu ndani ya mkoba mmoja wa zipu, ni ununuzi unaofaa ikiwa tu kuna mtu wa pili mwenye masikio mazuri na subira ya kujifunza. Anayeishi peke yake atafaidika zaidi na mashine ya betri inayofungwa juu ya kiwiko, kwa sababu kushikilia stetoskopu, kulegeza vali na kusoma geji kwa wakati mmoja, huku mkono mwingine umefungwa mkanda na unatakiwa kutulia, ni shughuli inayomchosha hata mzoefu.

Seti ninayoizungumzia tuliinunua katika duka la vifaa tiba Kariakoo kwa ajili ya mama mkwe, ambaye mapigo yake ya moyo hayaendi kwa mpangilio. Mashine ya betri tuliyokuwa nayo ilikuwa mara inaonyesha alama ya hitilafu, mara inatoa namba zinazopishana mno ndani ya muda mfupi. Hilo si ajabu, kwani mashine za aina hiyo hufuatilia mtikisiko wa hewa ndani ya mkanda kisha hukokotoa namba, na mapigo yanayorukaruka huvuruga hesabu hiyo. Anayesikiliza kwa masikio naye hapati kazi rahisi, lakini walau anasikia kwamba mapigo yamekosa mpangilio, na anaweza kupima mara tatu akachukua wastani.

Njia yenyewe ni kongwe. Mkanda wa kujazwa hewa ulibuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 daktari Mrusi Nikolai Korotkov akaeleza sauti zinazosikika kwenye mshipa mkanda unapolegezwa. Mkanda ukibana kupita nguvu ya damu, mshipa hufungika na huwa kimya. Hewa ikipungua, damu huanza kupenya kwa vishindo, na hapo mlio wa kwanza unaofuatwa na mwingine ndio namba ya juu, na pale sauti inapotoweka kabisa ndipo penye namba ya chini. Muuguzi aliyetufundisha alisisitiza jambo ambalo kijikaratasi cha maelezo cha seti hii hakikulitaja: kabla ya kusikiliza, shika mapigo kwenye kifundo cha mkono, jaza hewa hadi yapotee, kisha katika kipimo chenyewe panda milimita 30 za zebaki (kizio cha presha kinachosomwa kwenye geji) zaidi ya hapo. Baadhi ya watu, hasa wenye presha kubwa, sauti zao hukatika katikati kisha zikarudi, na asiyejua hilo atasoma namba ya juu iliyo chini sana ya ukweli.

Mkanda ndio sehemu iliyonifurahisha zaidi. Kitambaa chake ni kizito, kinanata vizuri, na umechorwa mistari inayoonyesha kama mkono wa mgonjwa uko ndani ya kipimo chake, ambacho ni mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mnunuzi asipuuze mistari hiyo, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na mtu anaweza kuongezewa dawa asizozihitaji. Mkono wa mama mkwe uliingia. Wa shemeji yangu haukuingia, na muuzaji hakuwa na mkanda mkubwa wa kuuza peke yake.

Geji ina alama kila baada ya milimita 2, na inasomeka hata jioni kwa mwanga wa taa. Kwa hiyo daftari la vipimo lililojaa namba zinazoishia na sifuri tu, kama 120/80, 130/80 na 140/90, linaonyesha kwamba kuna mtu anakadiria. Mshale ukiwa umetulia kwenye sifuri ni dalili njema, ila hauthibitishi usahihi wa namba za juu. Inapasa geji ilinganishwe na kipimo cha kuaminika kila baada ya miezi 6 hivi, na mapema zaidi ikianguka. Vipimo vya zebaki vya zamani havikusumbua kiasi hiki, lakini Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kuvitengeneza na kuviuza baina ya nchi, kwa sababu ya sumu ya zebaki.

Vali inahitaji kuzoewa. Mshale unatakiwa kushuka kwa milimita 2 hadi 3 kwa sekunde, ilhali skrubu ya seti hii inakaza mwanzoni kisha inaachia kwa ghafla, hivyo igeuzwe kwa ncha za vidole, kidogo kidogo.

Stetoskopu ndiyo iliyoniudhi. Mipira yake ni myembamba, vipande vya masikioni ni vigumu na vinaumiza, na sauti inafika imefifia kiasi kwamba feni ikiwa inazunguka, namba ya chini inakuwa ya kubahatisha. Tulipoazima nyingine nzito zaidi, mkanda uleule na geji ileile vilitoa vipimo vilivyokaribiana. Ningekuwa nanunua tena, ningechukua mkanda na geji, nikatafuta stetoskopu kivyake.

Kabla ya kulipa, funga mkanda kwenye chupa ngumu, kaza vali, jaza hewa hadi 200 na usubiri dakika moja: mshale ukishuka zaidi ya milimita 4, kuna mahali panavuja. Hesabu pia mipira inayotoka kwenye mkanda, kwa kuwa mkanda wa mpira mmoja hauingiliani na geji iliyotengenezwa kwa mipira miwili, na siku mkanda utakapochakaa hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa dukani.