Apu ya "kutibu ubongo" kwa sauti: nyota mbili, zote za usingizi

Nianze na hukumu kabisa musije mukasoma hadi chini mukanilaumu: hii apu yaweza kumlaza mtu, kutibu ubongo haitibu, na pesa wanayotaka kila mwezi ni ya kutupa manake kitu chenyewe waeza tengenezewa saiba (duka la kompyuta) hapa Langoni, Lamu, kwa bei ya chai na mahamri.

Jina siitaji kwa sababu ziko nyingi na zote zafanana. Picha ya kichwa kinachowaka bluu, maneno "rekebisha neva zako", "amsha ubongo uliolala", siku chache za bure halafu wakukata kwa dola. Ilikuja nyumbani kupitia binamu yangu wa Mombasa baada ya ami kuangukiwa na foromali, ule mti mrefu unaoshika tanga la jahazi. Walikuwa wanashusha tanga, henza, ile kamba ya kupandishia tanga, ikaponyoka, foromali yote ikamshukia kichwani. Skani alifanyiwa Mombasa, damu kidogo, hakupasuliwa, akarudishwa kwetu na dawa na maneno mawili matatu ya "apumzike". Kupumzika kwenyewe sasa ndo mtihani. Mchana alala, usiku macho makavu, mwanga wamuumiza, akisimama ghafla kizunguzungu, na hasira ambazo ami hakuwa nazo kabisa, mtu mpole yule. Kwa hivo binamu alipotuma linki kila mtu nyumbani alisema tujaribu, na mimi ndo mwenye simu nzuri.

Sasa hizi sauti zaitwa bainoro biti. Sikio la kushoto wakuwekea mlio wa hezi 200 (yaani watetema mara 200 kwa sekunde), la kulia hezi 206, kila mmoja ukiusikiza peke yake ni mlio umenyooka tu hauna mdundo, lakini yote mawili kwa pamoja wasikia kitu kinapiga vu vu vu mara sita kwa sekunde. Hio sita haiko kwenye hedifoni. Kichwa chako ndo kinaitengeneza, kule kwenye shina la ubongo ambako habari za masikio mawili zinakutana kwanza, na ni sehemu hio hio inayokufanya ujue punda anakujia nyuma kwa upande gani ukiwa kwenye kichochoro. Sio uchawi na sio jambo la juzi, aliyeligundua ni Mjerumani Heinrich Wilhelm Dove karne ya 19, halafu mwaka 1973 Gerald Oster akaandika makala kwenye jarida la Scientific American ndipo watu wakaanza kulifuatilia sana.

Hadi hapo sina ugomvi. Ugomvi waanza pale apu inaposema ubongo wako utafuata huo mdundo, kwamba ukipigiwa chini ya mara 4 kwa sekunde wazama usingizi mzito, 4 hadi 8 watulia, 13 kwenda juu waamka na kushika mambo, na eti ukifanya hivo kila siku pale palipoumia panajijenga upya. Mwaka 2023 kuna watafiti walikusanya tafiti 14 zilizopima mawimbi ya ubongo kwa mashine kuona kama kweli yanafuata, 5 zikakubali, 8 zikakataa, 1 ikakaa katikati. Na hapo ni mawimbi tu tunaongelea, kuponya jeraha hata hatujafika. Mtu kukuuzia "ubongo mpya" juu ya msingi kama huo, wallahi ana ujasiri.

Kwenye wasiwasi ndo kuna kitu cha kushika. Mwaka 2005 huko Uingereza walijaribu kwa wagonjwa wanaosubiri upasuaji, waliosikiliza hizi biti wasiwasi ulishuka asilimia 26.3, waliosikiliza rekodi ile ile bila biti 11.1, waliokaa hivi hivi 3.8. Na mtu aliyeumia kichwa ana wasiwasi jamani, alala akiwaza kama kesho atalikumbuka jina la mjukuu wake, kwa hivo kumtuliza sio jambo dogo, mimi silidharau hata kidogo.

Kwa ami ilikuwaje? Ile ya usingizi, mlio wa chini umefunikwa na sauti ya mvua, ilimlaza. Mara ya kwanza alilalamika, "mwanangu hiki chavuma tu kitwani, kama mashine ya boti iloachwa ikinguruma," kisha baada ya muda kidogo akawa anakoroma na mama akaanza kusema alhamdulillah huko jikoni. Lakini mimi ni mtu wa kuchokora, nikamuwekea mvua peke yake bila biti, akalala. Nikamuwekea Surat Yasin kwa sauti ya chini bila hedifoni, akalala vile vile na asubuhi aliamka na uso mzuri zaidi. Sasa hapo niambieni nalipia nini. Ninavoona kilichomsaidia zaidi ni kwamba saa tatu usiku taa zinazimwa, simu zinakaa mbali, watu wanapunguza makelele, na huo utaratibu tuliuanza kwa sababu ya apu, haki yake naipa.

Ile program ya "umakini" ndo sitaki hata kuisikia. Mdundo wa haraka, mlio mkali, ami alivua akasema kichwa chagonga, na maumivu yalikaa hadi Alasiri. Watu walioumia kichwa wengi wao sauti zinawachosha, taa zinawachosha, sasa wewe unampelekea kelele mpaka ndani ya sikio halafu unamwambia avumilie atapona? Tuliifuta siku ile ile.

Na kuna jambo apu imeliandika kwa herufi za sisimizi huko chini kabisa, tena kwa Kiingereza: mwenye kifafa asitumie bila daktari. Hili lilitakiwa liwe juu, kubwa, manake pigo la kichwa laweza kuleta kifafa hata miezi baadae kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka maisha yake yote. Daktari wetu nilipomuuliza hakucheka wala hakukasirika, alisema kama zamtuliza na hazimuumizi sauti iwe ya chini, akipata degedege au akizidi kuchanganyikiwa au kutapika aletwe mbio, na dawa asiache hata moja kwa sababu ya simu. Kuhusu sauti ya chini, WHO, Shirika la Afya Duniani, wenyewe kwa mtu mzima wasema desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki ndo mwisho, na ukimvisha mtu hedifoni usiku kucha kila usiku masaa yanajaa haraka.

Hedifoni nazo ni kesi yake. Lazima ziwe za pande mbili na zote zifanye kazi, spika ya simu haifai, iafoni ya sikio moja haifai, na kama mtu sikio moja lilikufa baada ya ajali basi hana haja na hii habari yote. Njia ya kujua kama unauziwa bainoro ya kweli: toa upande mmoja, ukiendelea kusikia mdundo kwa sikio moja, umechezwa, huo mdundo umerekodiwa tayari. Jirani yetu alikuwa anasambaza "dawa ya ubongo" kwa WhatsApp, ameicheza kwenye simu moja akairekodi kama voisi kwenye nyingine, hapo kushoto na kulia zishachanganyika zimekuwa kitu kimoja, lakini watu walikuwa wanamshukuru na maua. Halafu joto! Kaskazi hii mtu avae hedifoni kubwa za kuziba masikio, jasho latiririka hadi shingoni, akigeuka ubavu zamsukuma pale penye kovu. Wanaotengeneza hivi vitu hawajawahi kulala Lamu bila feni stima ikipotea.

Malipo: M-Pesa hawachukui, ni kadi tu, na ukitaka kujitoa waambiwa tuma barua pepe, ukituma wajibiwa na roboti. Nilipowauliza kama wana maelezo kwa Kiswahili wakanirudishia linki ya kulipia mwaka mzima!

Mbadala ni Audacity, program ya bure ya kompyuta. Kijana wa saiba alinitengenezea huku akihudumia watu wengine: traki mbili, moja hezi 200 akaisukuma kushoto yote, nyingine 204 kulia yote, mvua juu yake, nusu saa, ikahifadhiwa kwa stereo. Hakuna tangazo katikati, hakuna bando. Tangazo lenyewe ni hatari, ukiisikiza mtandaoni mtu anasinzia halafu ghafla anapigiwa kelele za mikopo ya simu.

Kumbukumbu za ami sai zimerudi kiasi, hasira zimepungua, na hilo siwezi kuipa apu. Kuna mtu wa fizio anayemfanyisha mazoezi ya kusimama na kugeuza shingo, kuna daftari anaandika nani kaja na kaambiwa nini, kuna wazee wa baraza wanaomchezesha bao na hawamuonei huruma hata kidogo, wamfunga kila siku mpaka ameanza kuwafunga yeye.

Kwa hivo nyota mbili. Anayetaka kujaribu kwa mgonjwa wake amuulize daktari kwanza, aje na flashi nimpe faili bure. Hedifoni ni nzima pande zote mbili, nauza, tutaelewana.