Kisu cha soksini: nilivyokivaa harusini Iringa

Shemeji yangu Mskoti alipokuja kumwoa dada, alinivisha kilti, ile sketi ya mikunjo ya wanaume wa Uskoti, na kunizawadia sgian-dubh, yaani kisu cheusi kwa Kigaeli. Bapa lake halifiki sentimita 10, na mpini mweusi umechongwa mafundo yanayopishana kama ukili wa mkeka. Nimekipenda mno. Kinachomekwa juu ya soksi, mguu wa upande wa mkono unaoutumia, mpini tu ukichungulia. Mimi natumia kushoto, basi nikakiweka kushoto. Nilicheza hadi saa sita usiku na hakikuchomoka, ingawa ncha ya ala ilinichubua shavu la mguu.

Wenyewe hukivaa na kilti kwenye harusi na karamu ya kumkumbuka Burns, mshairi wa Uskoti, Januari 25. Sheria ya Uskoti inakiruhusu kama sehemu ya vazi la taifa, lakini ruhusa hiyo haikufuati kwetu. Nilipowasindikiza wageni stendi ya Igumbilo, nilikivua kwanza nikakiacha nyumbani. Kwenye ndege, shemeji alikiweka kwenye begi la mizigo, kamwe si la mkononi.

Nakipa nyota nne; ile moja imebaki kwenye ala.